Neno Kazini: "Nitakunyoosha"

Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu kwa binamu yangu huko Dubai Silicon Oasis, ule mtaa wa kampuni za teknolojia ulio upande wa jangwani, mbali na bahari na maghorofa ya kwenye picha. Binamu ni kocha wa mazoezi. Wateja wake wengi ni watengeneza programu wanaokaa kitini tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Hawavimbishi vifua, anawanyoosha viungo ili waweze kuinama na kufunga kamba za viatu bila kuguna. Hao huwafundisha kwa Kiingereza, na maneno anayo. Shida huanza Jumapili, anapowafanyisha mazoezi bure watu wa kwetu: walinzi, madereva na wafanya usafi.

Jumapili yangu ya kwanza alimwambia mlinzi mmoja, mtu wa Tabora aliyemzidi miaka kama kumi, "Kaka, leo nitakunyoosha." Watu wakacheka. Mlinzi hakucheka. Kwetu anayeahidi kukunyoosha amekuja kukutia adabu. Binamu akajirekebisha: "Basi, jinyooshe mwenyewe." Mlinzi akalala chali, akafumba macho. Hakukosea, maana kujinyoosha ndiko kujilaza kidogo baada ya chakula cha mchana.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. "Legea, kaka." "Mimi si mlegevu, mdogo wangu." Hapo nikatoa daftari. Lugha yetu imemsifu mkakamavu mpaka tuna gwaride la ukakamavu, na neno hilo limetoka katika kukakamaa, yaani kuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa. Mlegevu tumemtukana. Sasa kocha atamwambiaje mwanamume mzima aulegeze mwili wake? Binamu siku hizi husema "achia": achia bega, achia nyonga. Hakuna anayekasirika.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Unavuta msuli mpaka uhisi umekaza, unatulia hapo kwa sekunde 10 hadi 30 (wazee waweza kufika 60), unaachia, unarudia. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kuanzia. Ila binamu haahidi uongo. Wapo wanaodhani kwamba wakijinyoosha leo, kesho hawataamka na maumivu. Watafiti wa Cochrane walipokusanya majaribio mwaka 2011 waliona kujinyoosha kabla au baada ya mazoezi kunapunguza maumivu hayo kwa kiasi kidogo mno. Faida yake ni kiungo kufika mbali zaidi, si dawa ya maumivu.

Narudi kwa mlinzi. Yeye husimama zamu ya saa kumi na mbili. Jumapili ya pili alikuwa amelala chali, binamu amemwinua mguu wa kulia.

"Unasikia nini, kaka?"

"Maumivu."

"Yapi? Yanavuta au yanachoma?"

Akafikiri. "Yanavuta nyuma ya paja. Halafu kuna ganzi, inashuka mpaka kidole gumba."

Binamu akaushusha mguu polepole, akakataa kuendelea. Msuli ukivutwa huvuta, hauleti ganzi. Ganzi inayoshuka mguuni huenda ni neva iliyobanwa mgongoni, na kuuvuta mguu huo kwa nguvu kunaweza kuzidisha. Mlinzi akasema ni mshipa tu, achuliwe na mafuta. Sisi tuna neno moja, mshipa, na tumelibebesha damu, neva na hata ngiri; si ajabu kila kitu kikatibiwa kwa kuchuliwa. Alikuwa na hofu nyingine ambayo hakuisema mpaka tulipokuwa nje: akienda kwa daktari atapoteza zamu. Alikwenda siku ya nne. Neva kweli ilikuwa imebanwa kiunoni, na kwa barua ya daktari akapewa lindo la kukaa mezani kwa muda.

Kwa Kiingereza chake mlinzi alikuwa na neno moja tu la hali zote hizo. Ndiyo maana binamu sasa amebandika karatasi ukutani: *kuvuta*, endelea, *kuchoma*, punguza, *ganzi*, acha, nenda kwa daktari. Nimeinakili kwenye daftari langu, na nadhani ni msamiati bora kuliko orodha ndefu niliyokwenda nayo.

Mstari mmoja wa karatasi hiyo bado uko wazi. Ni wa ile siku ya katikati, ambapo hufanyi mazoezi lakini mwili unajijenga upya. Kupumzika ni kukaa bure, na binamu anataka watembee kidogo. Kupona ni kwa mgonjwa. Mlinzi alipendekeza kupoa; binamu anahofu vijana watalifanyia mzaha. Nimemwahidi kumpelekea jawabu la chama. Mwenye neno alilete kwenye kikao kijacho, na walimu wetu nao wasituachie sisi peke yetu.