UCHAMBUZI: Kipigo cha ndani ya ndoa ni kosa la jinai, si siri ya familia

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 27 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umeonesha asilimia 40. Mafanikio hayo ni ya kutia moyo, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Mwathirika anapotaka kutoa taarifa, mara nyingi hushauriwa ayamalize nyumbani kwa kuwa "hayo ni mambo ya ndani". Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba, hata kama mila inaelekeza vinginevyo, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo. Aidha, chini ya Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili ni kosa linaloweza kumpeleka mhusika gerezani kwa miaka mitano, awe amempiga jirani au mke wake. Hata pale sheria inaporuhusu upatanisho kwa makosa madogo, mwenye mamlaka ya kuusimamia baada ya shauri kufunguliwa ni mahakama, si kikao cha ukoo.

Serikali imesogeza huduma karibu na wananchi kupitia Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi na Vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako matibabu, ushauri nasaha na huduma za polisi hupatikana mahali pamoja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo imefungua mlango kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Hata hivyo, ulinzi wa kabla ya kipigo bado ni finyu. Chini ya Sheria ya Ndoa, mahakama inaweza kumzuia mtu kumsumbua mwenza wake wakati shauri la ndoa linaendelea, au baada ya amri ya kutengana au talaka. Mwanamke anayetishiwa leo, ambaye hajafikia uamuzi wa kudai talaka, hanufaiki na amri hiyo. Hakimu anaweza pia kumtaka anayetishia kuvunja amani atoe dhamana ya kutunza amani, lakini utaratibu huo haukuandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi chini ya paa moja.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani inamwezesha mwathirika kuomba amri ya ulinzi bila kufungua shauri la talaka. Uzoefu huo unafaa kutazamwa katika mjadala wa kuwa na sheria mahsusi hapa nchini.

Wakati mjadala huo ukiendelea, mwananchi anakumbushwa kutoa taarifa mapema, kupata fomu ya polisi namba 3 (PF3) na kuhakikisha daktari anaijaza. Majeraha hupona ndani ya wiki chache, na kesi isiyo na kumbukumbu ya kitabibu huwa ngumu kuithibitisha.