Mashine ya programu, kazi ya mkono?

Jamani, nimechoka. Wiki jana niliingia maabara moja hapa Nairobi nikakuta pawa saplai ya DC, ile ya kufungwa kwenye raki ya inchi 19. Fundi anapandisha volti kwa mkono, anasoma, anaandika daftarini. Vipimo mia mbili! Nyuma ya mashine kuna tundu la mtandao, halina hata waya.

Eti muuzaji aliwaambia lazima wanunue programu yake, leseni kwa kila kompyuta. Kwani nani kasema? Nilisoma kitabu cha mashine: inaelewa SCPI, amri za maandishi matupu zilizosanifishwa tangu 1990. Unatuma VOLT 12, halafu CURR 0.5, halafu OUTP ON. Basi. Mistari kumi ya Python inatosha, na Python ni ya bure.

Hiyo CURR ndiyo inayoniuma. Ndiyo huweka mpaka wa mkondo wa umeme. Fundi alichoka, akausahau, bodi tatu zikaungua. (Programu mbovu nayo itaunguza zote, tena haraka. Najua, msinitumie barua pepe.)

Jumatatu narudi pale na waya wangu.