Msisingizie Septemba 11

Kila nikisoma habari za Fairchild Dornier nakutana na wimbo uleule: eti Septemba 11 ndiyo iliyoiua. Jamani, nakataa!

Fairchild ya Marekani iliinunua Dornier ya Ujerumani mwaka 1996. Badala ya kumaliza ndege moja kwanza, wakatangaza ukoo mzima wa jeti, 528, 728 na 928, kwa pesa ambazo wao wenyewe hawakuwa nazo. Lufthansa ikaagiza 728 zipatazo 60. Machi 2002 wakaitoa ya kwanza bandani kwa shangwe pale Oberpfaffenhofen. Mwanzoni mwa Aprili, chali! Kufilisika. Haikuruka hata siku moja.

Hivi Embraer ya Brazili haikupigwa na Septemba 11 hiyohiyo? Mbona E170 yake iliruka Februari 2002? Hata Kenya Airways imezirusha, na Lufthansa nayo baadaye ikanunua Embraer. Magaidi wakibebeshwa lawama zote, waliopanga zile hesabu wanalala usingizi mnono, na maelfu ya mafundi waliokosa kazi wanaambiwa ilikuwa bahati mbaya.

728 moja iliishia Göttingen. Watafiti wanapimia humo hewa ya abiria, ikiwa imekaa chini.