Muulizeni mgonjwa anachochemsha nyumbani

Gari la kwanza kutoka Kinole huteremka Morogoro mjini kabla jua halijawa kali. Siku ya kliniki ya sukari na presha, wengi wa abiria wake ni watu wazima ambao hawajatia kitu kinywani ili wapimwe sukari wakiwa na njaa. Kikapuni mna kadi ya kliniki, kitenge cha kujifunika na vidonge vilivyobaki tangu mwezi uliopita. Sufuria ya majani ya mlonge imeachwa jikoni, pembeni ya mafiga. Bi mkubwa amekunywa kikombe kimoja alfajiri, maana kwake dawa si chakula. Daktari atamuuliza kama anameza vidonge, naye atajibu ndiyo. Suala la sufuria halitatajwa kabisa.

Ukimya huo ndio hatari.

Anayeishi chini ya Uluguru halaumiwi kwa kuamini miti. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na misitu yake ina mimea isiyoota kwingine duniani. Wazazi wetu walitibiwa kwa mizizi yake miaka mingi kabla zahanati hazijajengwa. Hata metformin, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni utafiti wa mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Kilichobadilika ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 ni kilekile Kinole na Mgeta. Majani hayana uhakika huo. Upande wa mashariki wa Uluguru hunyeshewa mno, wa magharibi ni mkavu zaidi, na nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa jani. Mmoja huchemsha mara moja na kuepua, mwingine huacha hadi maji yawe meusi. Mkono mmoja wa majani kwa mama si sawa na mkono mmoja kwa mwanawe.

Sasa changanya. Mlonge na karela vimechunguzwa kwa uwezo wa kushusha sukari. Mgonjwa anayemeza glibenklamidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini, akiongeza karela juu yake na tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Utomvu wa shubiri huharisha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Akiunywa mtu wa presha ambaye tayari anatumia dawa ya kukojosha, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kitunguu saumu nacho kina visa vyake: mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki tatu, na kiwango cha saquinavir, dawa ya kufubaza VVU, kikapungua kwa karibu nusu katika damu yao.

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilishuhudia imani hii ya dawa za miti kwa ukubwa wake. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Walikwenda wenye kisukari, wenye saratani na wenye VVU. Wapo waliorudi wakaacha vidonge vyao, na gharama yake ikabaki nyumbani mwao.

Nchi haikosi mahali pa kuanzia. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilileta baraza linalosajili waganga na dawa zao. Lakini sheria haiwezi kumfungua mdomo mgonjwa aliyewahi kukaripiwa mbele ya foleni kwa kutaja miti shamba. Akigombezwa mara moja, hatasema tena, wala jirani yake aliyekaa benchi moja naye hatasema.

Kwa hiyo kazi ianzie mezani kwa nesi. Swali moja, kwa heshima: "Mama, nyumbani unatumia dawa gani nyingine?" Jibu liandikwe kwenye kadi kama vinavyoandikwa vipimo vya presha. Mganga wa tiba asili naye aulize mgonjwa anameza vidonge gani, na asimwambie kamwe aviache.

Nawe unayekwenda kliniki wiki hii, chukua hiyo chupa, au hata tawi la mti wenyewe, umwonyeshe daktari. Ukitokwa na jasho la baridi, ukatetemeka na macho yakaingia giza, huenda sukari imeshuka: kunywa maji ya sukari mara moja, kisha upelekwe hospitali, na chupa ipelekwe pamoja nawe.