Mzee aulizwe kwanza



Katika matoleo mengi ya jarida hili tumewahimiza mje kupima mapema na kumeza dawa bila kukatiza. Msimamo huo haujabadilika. Leo lakini naomba kusema jambo jingine, ambalo sisi wahudumu wa afya tunalisahau na familia nyingi hapa Nakivale zinaliogopa. Mtu aliyefikia miaka 70 au 80 na akili zake ni timamu ana haki ya kukubali kipimo au tiba, na ana haki ya kukataa. Na ili achague, lazima kwanza aulizwe.

Nina sababu ya kuandika haya. Mzee mmoja, mkulima kutoka Fizi, aliambiwa katika hospitali ya mjini kwamba ana saratani ya ini na imekwisha kuenea. Wanawe waliuza mahindi, wakauza mabati, wakakopa. Kwa miezi minne walimzungusha hospitali hii na ile. Kila alipofika alitolewa damu upya na kupigwa picha upya, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile. Aliporudishwa huku kwetu amebaki mifupa, nilimwuliza kilichokuwa kinamsumbua zaidi. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nilitaka usingizi tu. Maumivu hayaniachi nilale." Katika miezi yote ile hakuna aliyemwuliza swali hilo. Na dawa ya kumpa usingizi ilikuwapo.

Mama mmoja mwenye zaidi ya miaka 70 yeye alikuwa kinyume chake. Macho yake yalikuwa yameziba kwa mtoto wa jicho. Kila tulipomwambia aende kupasuliwa alijibu: "Niacheni, mimi ni mzee, macho yamechoka." Mjukuu wake wa miaka tisa aliacha shule ili amshike mkono kwenda chooni na kwenda kwenye mgao. Mama huyo alikuwa anakataa tiba bila kujua anachokikataa. Alidhani atang'olewa jicho. Tulipomkalisha na mkalimani wa Kibembe akaelezwa yote, alikubali wiki ile ile.

Huyo mzee alipewa asichokitaka, na huyu mama alikataa kilichomfaa. Wote wawili walikosa kitu kimoja: maelezo kwa lugha wanayoielewa, na muda wa kuamua.

UZEE SI UGONJWA

Kabla sijaendelea, nisieleweke vibaya. Simwambii mzee yeyote akae nyumbani asubiri kifo. Yako mambo ambayo, kwa maoni yangu, mzee asiyakatae, kwa kuwa ni mepesi na faida yake ni kubwa:

1. Kupima presha, ambayo ndugu wengi kutoka Kongo mnaiita tansio. Presha haiumi, lakini ndiyo inayoleta kiharusi. Kuipima ni dakika chache.

2. Kupima malaria mara tu homa inapoanza. Mzee anaweza kufa kwa malaria kama mtoto.

3. Kupima makohozi, ukikohoa wiki mbili au zaidi. Kifua kikuu kinapona hata kwa mzee, na usipotibiwa utawaambukiza wajukuu mnaolala nao chumba kimoja.

4. Upasuaji wa mtoto wa jicho. Hukung'oi jicho. Unachomwa ganzi, lenzi iliyoziba inaondolewa na nyingine inawekwa. Kwa kawaida haichukui hata saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mjini Mbarara, hospitali ya Ruharo inajulikana kwa kazi hiyo.

5. Kupima sukari, hasa ukiwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, au kidonda cha mguu kisichopona.

Hapo akiniambia mtu "mimi ni mzee, niacheni," nitabishana naye kwa heshima hadi atakaponielewa.

YANAYOHITAJI KUULIZWA

Kuna mengine ambayo wengi tunadhani ni mazuri kila wakati, kumbe sivyo.

Chukueni dripu. Mgonjwa akidhoofika, ndugu wote hupiga kelele: "Mtieni maji!" Dripu ni dawa kwa mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara au kutapika. Lakini mzee ambaye moyo au figo zimechoka, ukimjazia maji yanaweza kuingia kwenye mapafu na akashindwa kupumua. Vile vile mtu aliye katika siku zake za mwisho huacha kula na kunywa kwa sababu mwili wake unafunga kazi. Kumlazimisha kwa dripu au kwa mpira wa puani mara nyingi kunamwongezea taabu bila kumwongezea siku. Kumlowesha midomo kwa kitambaa chenye maji safi kunamsaidia zaidi.

Chukueni dawa nyingi kwa pamoja. Nimewatembelea wazee wenye mfuko wa aina saba au nane, nyingine za kituo chetu, nyingine za duka la dawa, nyingine walizopewa na jirani. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku, zinaweza kuharibu figo, kutoboa tumbo na kupandisha presha. Diazepamu, ambayo wengi huinunua ili walale, humfanya mzee ayumbe usiku na kuanguka, na mzee akivunjika nyonga si jambo dogo. Hata dawa ya sukari iitwayo glibenklamidi, Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa watu waliopita miaka 60, kwa sababu inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukiwa unaimeza, usiiache ghafla. Njoo nayo kituoni tukuangalie. Na kila unapokuja, lete mfuko wote. Kupunguza dawa nayo ni tiba.

Chukueni pia hiki kinachoitwa "kupima mwili mzima." Siku za soko wanakuja watu na mashine ndogo. Unashika chuma mkononi, nayo inakutajia magonjwa ya ini, figo, moyo na uti wa mgongo, kisha unauziwa dawa za kuyatibu yote. Mashine hiyo haipimi kitu. Hela hiyo nunua maharage.

Hata vipimo vya kweli vina mpaka wake. Kuna kipimo cha damu cha tezi dume ambacho maabara za mjini huwapendekezea wanaume wote. Mwaka 2018 jopo la wataalamu la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo lilisema wanaume wa miaka 70 na zaidi wasio na dalili wasipimwe kwa kipimo hicho. Saratani hiyo kwa wazee wengi hukua polepole, na mtu anaweza kufa kwa sababu nyingine kabla haijamdhuru, lakini tiba yake inaweza kumletea kushindwa kuzuia mkojo. Ukiwa na dalili, kama mkojo kuziba, damu kwenye mkojo au maumivu ya mifupa, hapo njoo upimwe.

MASWALI MATANO

Unapoambiwa upimwe au utibiwe jambo kubwa, mwulize daktari haya:

1. Kipimo hiki kinatafuta nini?
2. Mkikipata mnachokitafuta, ipo tiba ninayoweza kuipata kweli?
3. Tiba hiyo itanisaidia nini: kupona, kutembea, kupunguza maumivu, au kuongeza siku tu?
4. Itanigharimu nini: maumivu, safari, hela, siku za kulala mbali na nyumbani?
5. Nisipofanya, itakuwaje?

Swali la pili lina uzito mkubwa kwetu sisi tunaoishi kambini. Figo zikifa, kwa mfano, mashine ya kusafisha damu kwa kawaida hutumika mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, na haiziponyi figo. Hospitali ikikuanzishia bila kukueleza nani atalipa wiki ijayo, haijakutendea haki. Lazima yasemwe kabla ya kuanza.

Na ukipewa karatasi ya kutia sahihi au kidole, usikubali kabla hujaelezwa kwa lugha yako. Omba mkalimani mtu mzima. Si vizuri mjukuu wa miaka kumi ndiye atafsiri habari za tumbo la uzazi la bibi yake. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, linasema mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukubali au kukataa kipimo chochote au tiba yoyote. Halisemi haki hiyo ni ya raia peke yao.

KWENU WATOTO NA WAJUKUU

Najua mnachokiogopa. Mnaogopa majirani waseme, "Wamemwachilia baba yao afe." Wengine mnaogopa kushutumiwa uchawi. Kwa hiyo mnauza hata sufuria ili ionekane mmehangaika. Siwalaumu. Tuliacha wazee wengi njiani wakati wa kukimbia vita, na kila mmoja wetu anabeba deni hilo moyoni. Lakini mzee aliye mbele yako leo hawezi kulilipa kwa mwili wake. Keti naye jioni, umwulize: "Baba, unataka nini? Unaogopa nini? Tukifika wapi tusimame?" Kisha waite ndugu wote wasikie jibu kutoka kinywani mwake, akiwa bado ana nguvu ya kusema. Akishalisema mbele ya ukoo, hakuna jirani atakayewashitaki.

Nanyi wazee, msikatae tiba kwa sababu ya kuwahurumia watoto tu. Nimewasikia wengi wakisema, "Mimi ni mzigo, hela iende kwa wadogo." Kama moyo wako umetulia na umechagua hivyo kwa hiari, nitakuheshimu. Kama ni aibu ndiyo inayokusemesha, tafadhali njoo tuzungumze kwanza.

MAUMIVU YANA DAWA

Kukataa kuzungushwa hospitali si kukataa kutunzwa. Uganda imetangulia nchi nyingi za Afrika katika jambo hili. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na tawi lake la Mbarara limekuwa likiwatembelea wagonjwa majumbani. Mofini ya kunywa inatolewa bila malipo, na tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Msiiogope. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa wala haimgeuzi mlevi. Itamfungisha choo, kwa hiyo adai na dawa ya kulainisha choo. Yule mzee wa Fizi aliipata katika wiki zake tatu za mwisho. Alilala. Angeweza kulala miezi minne kabla.

NA SISI WA SHIRIKA

Mwisho naomba niseme na wenzangu, hata kama hawatafurahi. Rufaa za kwenda hospitali kubwa hupitia kamati, na miongozo ya UNHCR ya mwaka 2009 inataka kamati iangalie hali ya mgonjwa, matumaini ya kupona na gharama. Hela haitoshi, hilo tunalijua wote. Lakini tusimwambie mtu "wewe ni mzee" tunapomaanisha "hela hakuna." Mgonjwa aliyekataa tiba mwenyewe na mgonjwa aliyenyimwa si sawa, na kwenye faili tusiwaandike sawa. Rufaa ikikataliwa, mgonjwa aambiwe sababu waziwazi, na aambiwe pa kulalamikia. Umri peke yake usiwe sababu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi naongeza kwamba anayeficha maswali naye huumbuka. Mkija kituoni wiki hii, njoni na mfuko wa dawa zote na yale maswali matano. Asiyeweza kutembea amwite mhudumu wa afya wa kijiji chake, yule wa VHT, naye atatufikishia habari ili twende kumwona nyumbani.

Tafadhali msomeeni na mzee asiyeweza kusoma.

Muuguzi wenu wa kituo cha afya