UCHAMBUZI: Nani mwenye upanga katika kiti kitakatifu cha Amritsar?

MNAMO Desemba 3, 2024, mwanasiasa aliyewahi kuwa naibu wa waziri kiongozi wa jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, alionekana akiwa kwenye kiti cha magurudumu langoni mwa Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar. Sukhbir Singh Badal, aliyekuwa amevunjika mguu, alivalia kanzu ya samawati ya watumishi wa hekalu, akashika mkuki mkononi na kuvishwa kibao shingoni kama mtu aliyekiri makosa. Baada ya zamu yake langoni alitakiwa kuosha vyombo ambavyo mahujaji walikuwa wamelia chakula.

Hakuna mahakama ya serikali iliyompa adhabu hiyo. Ilitolewa siku moja awali na makuhani watano waliokutana katika Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya kidini cha waumini wa dini ya Sikh, ambao Wakenya wengi huwaita Makalasinga. Naye Badal, ambaye familia yake ilikuwa imekitawala chama cha Shiromani Akali Dal kwa miongo kadhaa, hakukata rufaa. Aliinamisha kichwa akatii.

Kesho yake, Desemba 4, aliyekuwa mwanamgambo wa kupigania taifa huru la Kalasinga alimkaribia pale langoni na kuchomoa bastola. Afisa wa polisi aliyekuwa amevalia kiraia alimvamia, na risasi ikaishia ukutani. Badal alinusurika, akaendelea na adhabu yake.

Visa hivyo viwili, vilivyotukia kwa muda wa siku mbili mahali pamoja, vinabeba swali ambalo limewasumbua Makalasinga kwa zaidi ya karne nne: je, upanga wa imani unastahili kuwa mikononi mwa nani?

Ili kulielewa swali hilo, sharti mtu arejee mwaka wa 1606. Mwaka huo Guru Arjan, kiongozi wa tano wa dini hiyo, aliuawa mjini Lahore kwa amri ya Jahangir, mfalme wa milki ya Mughal. Guru Arjan ndiye aliyekuwa amejenga hekalu la Amritsar, lenye milango minne kuashiria kwamba watu wa pande zote wanakaribishwa. Masimulizi ya Makalasinga yanasema kwamba jiwe la msingi liliwekwa na Mian Mir, walii wa Kiislamu kutoka Lahore.

Mwanawe, Guru Hargobind, alipochukua uongozi alijifunga panga mbili, mmoja kwa niaba ya mamlaka ya dunia na mwingine kwa niaba ya mamlaka ya roho. Akajenga Akal Takht, yaani kiti cha enzi cha Mungu wa milele, mkabala na hekalu. Ujumbe ulikuwa wazi. Hekaluni mtu anaomba; katika kiti hicho anapata haki ambayo mfalme amemnyima.

Wahenga walisema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Makalasinga walithubutu kuwaweka fahali hao pamoja, na historia yao yote ni simulizi ya jinsi wanavyopigana pembe.

Yamkini hakuna kinachodhihirisha jambo hilo kuliko safari aliyoamriwa Badal. Baada ya siku mbili Amritsar, alitakiwa kutumikia siku mbili mbili katika maeneo mengine manne matakatifu ya Punjab. Kila moja la maeneo hayo lina hadithi yake ya damu.

La kwanza ni Keshgarh Sahib, katika mji wa Anandpur. Hapo ndipo mwaka wa 1699 Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi na wa mwisho kati ya viongozi waliokuwa binadamu, aliposimama mbele ya umati akiwa na upanga wazi na kuuliza ni nani aliyekuwa tayari kutoa kichwa chake. Watano walijitokeza mmoja baada ya mwingine. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuingizwa katika Khalsa, udugu wa waumini wanaofuga nywele na kubeba upanga. Inasimuliwa kwamba baada ya kuwatawaza, Guru mwenyewe alipiga magoti na kuwaomba watano hao wamtawaze pia. Kwa hivyo, tangu siku hiyo ilikubalika kuwa hata aliye juu kabisa yuko chini ya uamuzi wa waumini watano.

La pili ni Damdama Sahib, ambalo linahusishwa na Baba Deep Singh, msomi aliyekuwa pia shujaa wa vita. Mwaka wa 1757, alipopata habari kwamba majeshi ya Waafghani yalikuwa yamelinajisi hekalu la Amritsar, aliondoka na wafuasi wake kwenda kulikomboa akiwa mzee. Hadithi inasema kwamba alikatwa shingo kabla ya kufika, lakini akakiinua kichwa chake kwa mkono mmoja na kuendelea kupigana kwa mkono mwingine hadi alipoanguka ndani ya ua wa hekalu. Mwanahistoria atashuku simulizi hiyo. Hata hivyo, mahujaji huinama mpaka leo mahali panapoaminika kuwa ndipo alipokata roho.

La tatu ni Muktsar. Makalasinga 40 waliokuwa wamemtoroka Guru Gobind Singh wakati Anandpur ulipozingirwa walirejea wakiongozwa na mwanamke aitwaye Mai Bhago, wakapigana na jeshi la Mughal mwaka wa 1705 hadi wakafa. Guru aliwasamehe na kuwaita waliokombolewa. La nne ni Fatehgarh Sahib, mahali ambapo wana wawili wadogo wa Guru huyo walijengewa ukuta wakiwa hai kwa kukataa kubadili dini.

Basi mwanasiasa aliyeshtakiwa kuusaliti umma wake alipelekwa mahali pa kiapo, mahali pa ushujaa, mahali pa watoro waliosamehewa na mahali pa watoto waliokataa kuyumba. Adhabu hiyo ilikuwa pia somo la historia.

Badal alikuwa amekosa nini? Makosa aliyoyakiri ni ya kipindi ambacho chama chake kilitawala Punjab kuanzia 2007 hadi 2017, babake, Parkash Singh Badal, akiwa waziri kiongozi. Mnamo 2015 kurasa za Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu ambacho Makalasinga hukiheshimu kama Guru aliye hai, zilipatikana zimeraruliwa na kutupwa katika kijiji cha Bargari. Waumini waliandamana. Mnamo Oktoba 14 mwaka huo polisi walifyatua risasi mahali paitwapo Behbal Kalan na kuwaua waandamanaji wawili.

Isitoshe, wiki chache kabla ya mauaji hayo, Akal Takht kilikuwa kimemsamehe Gurmeet Ram Rahim Singh, kiongozi wa dhehebu la Dera Sacha Sauda aliyelaumiwa mwaka wa 2007 kwa kujivika mavazi yaliyofanana na ya Guru Gobind Singh. Umma ulighadhabika na msamaha huo ukafutwa. Waumini wengi waliamini kwamba viongozi wa Akali Dal ndio waliokuwa wameushinikiza, wakitamani kura za wafuasi wa dhehebu hilo.

Wapigakura nao walitoa hukumu yao. Chama kilichowahi kutawala Punjab mara kadhaa kilipata viti vitatu pekee kati ya 117 katika uchaguzi wa bunge la jimbo wa 2022.

Badal hakuwa mkubwa wa kwanza kunyenyekezwa na kiti hicho. Mapema katika karne ya 19, Maharaja Ranjit Singh, aliyeuteka mji wa Lahore mwaka wa 1799 na kulipamba hekalu la Amritsar kwa dhahabu, aliitwa mbele ya Akali Phula Singh, kiongozi wa Akal Takht wakati huo. Kosa lake lilikuwa uhusiano wake na mchezangoma aitwaye Moran. Masimulizi yanasema mfalme huyo aliyeogopewa na Waingereza aliuvua mgongo wake tayari kuchapwa viboko. Phula Singh hakuwa na chuki naye, kwani baadaye alikufa akimpigania katika vita vya Nowshera mwaka wa 1823.

Mwaka wa 1988, Surjit Singh Barnala, aliyekuwa waziri kiongozi wa Punjab, alifungwa kwenye nguzo akiwa na kibao shingoni, kisha akasafisha viatu vya waumini. Miongoni mwa mambo aliyolaumiwa ni kuwatuma polisi kuingia hekaluni mwaka wa 1986.

Uzito wa kosa kama hilo ulitokana na kidonda kilichokuwa kibichi. Mnamo Juni 1984 jeshi la India lilivamia hekalu kumwondoa Jarnail Singh Bhindranwale na wafuasi wake waliokuwa wamejihami humo. Serikali ilisema wanajeshi 83 na watu wengine karibu 500 waliuawa, takwimu ambazo Makalasinga wengi wamezipinga wakisema waliokufa ni wengi zaidi. Akal Takht chenyewe kilibomolewa kwa makombora ya vifaru. Oktoba 31 mwaka huo Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Makalasinga, na katika ghasia zilizofuata Makalasinga zaidi ya 2,700 waliuawa jijini Delhi pekee, kwa mujibu wa hesabu rasmi.

Funzo la 1984 lina pande mbili. Serikali ilijifunza kwamba vifaru haviwezi kuvunja kiti kilichojengwa katika nyoyo za watu. Waumini nao walijionea kinachotokea pindi mtu mmoja mwenye bunduki anapojitwalia upanga uliokusudiwa kuwa wa umma.

Lakini hatari iliyojitokeza baada ya Desemba 2024 haikuja na vifaru. Ilikuja kwa barua za kuwafuta watu kazi.

Mnamo Februari 2025 Giani Harpreet Singh, kiongozi wa Damdama Sahib, aliachishwa wadhifa kwa tuhuma alizozikanusha. Mnamo Machi 7, Giani Raghbir Singh wa Akal Takht na Giani Sultan Singh wa Keshgarh Sahib wakaondolewa pia. Wote watatu walikuwa wameshiriki katika kumhukumu Badal. Mnamo Aprili 12, 2025, Badal alichaguliwa tena kuwa rais wa chama. Kufikia Agosti mwaka huo, Harpreet Singh alikuwa ameteuliwa kuongoza mrengo uliojitenga na chama hicho.

Anayewaajiri na kuwafuta makuhani hao ni SGPC, kamati kuu ya kusimamia mahekalu, ambayo kwa miaka mingi imedhibitiwa na Akali Dal. Kamati hiyo ilitetea hatua yake ikidai kwamba uongozi wa Raghbir Singh haukuwa wa kuridhisha. Wakosoaji walijibu kuwa mshtakiwa alikuwa amemfuta hakimu.

Kinaya ni kwamba kamati hiyo ilizaliwa mwaka wa 1920 ili kuyakomboa mahekalu kutoka kwa vibaraka. Wakati huo msimamizi wa Hekalu la Dhahabu aliteuliwa na serikali ya kikoloni. Baada ya Jenerali Dyer kuamuru mauaji ya halaiki ya Jallianwala Bagh mnamo Aprili 1919, hatua chache tu kutoka hekaluni, msimamizi huyo alimtunukia vazi la heshima. Waumini waliandamana, wakafungwa na wengine wakauawa, hadi sheria ya 1925 ilipowapa haki ya kuwachagua wasimamizi wao kwa kura.

Haki hiyo imefifia. Uchaguzi mkuu wa wanachama 170 wa kamati hiyo ulifanyika Septemba 2011, na kufikia 2025 haukuwa umerudiwa. Makuhani walifutwa kazi na wasimamizi ambao waumini hawakuwa wamewapigia kura kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Panapokosekana mamlaka yanayoaminika, upanga hauachi kuwa na mwenyewe. Manihang, mashujaa wa kidini wanaovalia samawati na vilemba virefu, na ambao kila mwaka huonyesha umahiri wao wa farasi na silaha katika sherehe za Hola Mohalla mjini Anandpur, walikuwa miongoni mwa waliopinga mabadiliko ya Machi 2025. Huo ni upinzani wa haki. Lakini mnamo Desemba 18, 2021, mtu aliyeruka uzio na kukisogelea kitabu kitakatifu ndani ya hekalu hilo alipigwa na umati hadi akafa, hata kabla ya yeyote kujua alikuwa nani au alikusudia nini. Naye mwenye bastola wa Desemba 2024 aliamua kwamba adhabu ya makuhani haikutosha.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Akali Phula Singh hakumwua mfalme. Alimwita, akamsikiliza, akamhukumu, na jambo likaisha. Adhabu ya kuosha vyombo ina nguvu kwa sababu inamrudisha mkosaji kwenye jamii badala ya kumwangamiza. Ikiwa waumini wataamini kwamba hukumu hiyo inauzika, baadhi yao wataitafuta haki kwa risasi.

Suala hili haliwahusu Wapunjabi peke yao, kwani amri za Akal Takht zinaheshimiwa na Makalasinga kote duniani, wakiwemo wa Kenya ambao mababu zao walisaidia kujenga reli kutoka Mombasa. Msafiri anayepumzika katika hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926, hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila. Anayemwandalia anatimiza kazi ile ile aliyoamriwa Badal, ila yeye anaifanya kwa hiari.

Kiti cha Amritsar kimebomolewa kwa baruti na kwa vifaru, na kila mara kikajengwa upya. Wanaokithamini sasa wana kibarua cha namna nyingine: kuhakikisha kwamba kuhani anayemwambia mfalme amekosa ataamka kesho yake akiwa bado kuhani.