Gari Linalokula Petroli: Tufundishe Kuuliza Kabla ya Kufungua

Miongoni mwa kazi za mwalimu wa ufundi wa magari, iliyo ngumu kupita zote ni kumfundisha mwanafunzi kutafuta chanzo cha hitilafu. Kufungua na kufunga hufundishika kwa kuonyesha: mwalimu hutenda, mwanafunzi huiga, na baada ya siku chache mkono huzoea. Kutafuta chanzo ni kazi ya akili, nayo haiigwi kwa kutazamwa. Ndiyo maana aghalabu tunakimbilia orodha. Tunaandika ubaoni sababu kumi za gari kula petroli nyingi, wanafunzi wananakili, na siku ya mtihani wanaturudishia kama walivyopokea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo haitoshi, na kwamba inamdhuru mwanafunzi pamoja na mwenye gari atakayemwamini kesho.

Mfano wetu ni gari kuukuu la petroli lenye tabo na kompyuta ya injini, kama zile Subaru Forester zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ambazo baadaye ziliingia Kenya na Tanzania zikiwa zimekwisha kutumika. Tumelichagua kwa sababu lalamiko lake ni moja, bali vyanzo vyake ni vingi, na vingine hujificha nyuma ya vingine.

Yatupasa kwanza kueleza kwa ufupi namna tabo inavyofanya kazi. Tabo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa na kuisindilia ndani ya silinda. Wazo hili ni la zamani: Alfred Büchi wa Uswisi alilipatia hataza mwaka 1905. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Dereva akienda kwa utulivu, tabo haisukumi sana, naye hufaidi ulaji wa injini ndogo.

Lakini liko sharti. Kwa kawaida kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Tabo inaposukuma kwa nguvu, kompyuta huongeza petroli kupita kipimo hicho kwa makusudi, ili kupoza mwako na kuzuia injini isigonge. Kwa hiyo gari lenye tabo laweza kunywa sana likiwa bovu, na laweza kunywa sana likiwa zima kabisa, kwa sababu ya mguu wa dereva tu. Mwanafunzi aliyekariri orodha hana njia ya kutenganisha hali hizi mbili. Atabadilisha plagi, kisha chujio la hewa, kisha kihisi cha oksijeni, na kila mara mwenye gari atalipa. Huko si kutengeneza gari. Ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

Twapendekeza, basi, kwamba somo lianze kwa maswali, na kila swali liwe lenye kuigawa orodha. Swali zuri la fundi ni lile ambalo, likijibiwa, huondoa nusu ya sababu zote kabla ya spana kushikwa.

Swali la kwanza ni hili: je, ni kweli? Mwenye gari husema gari linakula, lakini kusema si kupima. Wanafunzi wajaze tangi mpaka pampu ya kituo ijikate, waandike kilomita, gari litembee katika safari zake za kawaida, kisha wajaze tena katika kituo kilekile. Ikiwa limekwenda kilomita 300 na kuingia lita 42, limekula lita 14 kwa kila kilomita 100. Zoezi lirudiwe mara mbili au tatu, maana kipimo kimoja hudanganya. Hapa mwalimu wa hesabu na mwalimu wa ufundi wana somo moja.

Swali la pili: je, gari ni zito kwenda, au injini inalishwa kupita kiasi? Kama ni zito, chanzo kiko nje ya injini: matairi yaliyopungua upepo, au breki zisizoachia. Mwanafunzi apime upepo, ainue gari kwa jeki, azungushe kila gurudumu kwa mkono. Na gari likitoka barabarani, asogeze kiganja karibu na kila gurudumu ahisi lipi lina joto kupita mengine. Majaribio haya hayagharimu chochote. Sharti yatangulie yale ya gharama.

Swali la tatu: ulaji unazidi wakati gani? Ukizidi hata katika mwendo wa taratibu, injini ikiwa imekwisha kutembea muda mrefu, na tutazame joto. Maji ya injini yafaa yawe kati ya nyuzi 80 na 95 hivi za Selsiasi. Ikiwa injini haifiki huko, huenda thamostati imekwama wazi, na kompyuta inaongeza petroli kama ifanyavyo asubuhi kwenye baridi. Lakini ikiwa injini ina joto lake la kawaida, na kihisi cha joto ndicho kinachoiambia kompyuta kwamba ni baridi, basi kosa li katika kihisi au nyaya zake. Hitilafu mbili, matokeo yaleyale. Kinachozitenganisha ni kulinganisha joto la kweli na joto lililoripotiwa.

Na ulaji ukizidi hasa tabo inaposukuma, pamoja na moshi mweusi na upungufu wa nguvu, mwanafunzi aongozwe kuitazama njia ya hewa. Katika magari yenye kipima hewa mbele ya tabo, kompyuta hutoa petroli kulingana na hewa iliyopita hapo. Mpira ukiwa umepasuka baada ya tabo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka, na petroli ya hewa hiyo huingia silindani peke yake. Injini ikiwa katika mwendo wa kupumzika, ufa huohuo huweza usijulikane kabisa, kwa kuwa hakuna msukumo wa kuufungua.

Ufa wa namna hii hutafutwaje? Kila mtoto amemwona fundi wa baiskeli akizamisha mpira katika beseni na kungoja mapovu. Jaribio letu ni hilohilo. Injini ikiwa imezimwa, mdomo wa njia ya hewa huzibwa, hewa ya kompresa huingizwa polepole bila kuzidi msukumo wa kawaida wa tabo, na maji ya sabuni hupakwa katika viungo. Panapotoka mapovu ndipo palipo na kosa. Mwalimu anayeunganisha jambo geni na jambo ambalo mwanafunzi alilijua tangu utotoni amekwisha kufanya nusu ya kazi yake.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna mashine ya kusoma kumbukumbu za kompyuta ya gari, na hayo yote ni kupoteza wakati. Sisi hatuipingi mashine. Twapinga kuitii bila kufikiri. Kihisi cha oksijeni, katika magari mengi ya umri huu, hutoa umeme unaopanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Kikibaki juu, kinasema petroli imezidi. Huenda ni kibovu. Lakini huenda kinasema kweli, na kosa liko kwenye nozeli inayovuja au thamostati iliyokwama. Mwanafunzi anayekitupa kwa sababu ya habari kilicholeta amesahau mafunzo ya wazee: mjumbe hauawi. Mashine hueleza nani amelalamika. Haielezi nani amekosa.

Wengine watasema muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli, na twakiri kwamba njia hii ni ya polepole. Lakini John Dewey wa Marekani, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, alikwisha kuonyesha kwamba fikra yenye manufaa huanza kwa tatizo lililohisiwa, hulipambanua, hukisia chanzo, hupima matokeo ya kisio hilo, kisha hulithibitisha au kulikataa. Hatua hizi ndizo hatua za fundi mwema. Aliyezizoea kwenye gari moja atazitumia kwenye pampu ya maji, mashine ya kusaga au jenereta ya hospitali. Aliyekariri sababu kumi za gari moja atabaki na sababu kumi.

Hata hivyo, hakuna mbinu itakayodumu ikiwa mtihani unaipinga. Wanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama. Twapendekeza mtihani wa vitendo wenye alama 20: 5 kwa kupima ulaji na kuandika vipimo, 5 kwa maswali, 6 kwa mpangilio wa majaribio kuanzia yasiyo na gharama, na 4 kwa kufikia chanzo. Kwa kipimo hiki, aliyebahatisha kipuri sahihi atapata alama 4 tu. Na aliyeondoa sababu nne kwa ushahidi, muda ukamwishia kabla ya kufikia ya tano, atapata nyingi zaidi. Wengine wataona ni kinyume cha haki. Sisi twaona ndiyo haki yenyewe, kwa maana bahati haifundishiki.

Mwalimu na aandae magari matatu. La kwanza alipunguze upepo wa matairi. La pili alilegeze klipu ya mpira wa hewa baada ya tabo. La tatu asiliguse, ila awaambie wanafunzi kwamba mwenyewe analalamika. Hilo la tatu ndilo mtihani mkubwa. Mwanafunzi atakayepima yote, asione kosa, kisha akawa na ujasiri wa kuandika, «Gari hili ni zima, dereva na ashauriwe kupunguza mguu,» huyo amehitimu. Atamwokolea mwenye gari gharama ya vipuri visivyohitajika, na kwa uaminifu huo atapata wateja kuliko atakaowapata kwa kubadilisha vipuri.